Redio Yangu na Futari ya Jirani

Redio niliinunua Songea, mwaka ule kahawa ilipoanza kununuliwa na kila mwenye lori. Kabla ya hapo tulikuwa tunapeleka kahawa yetu kwenye chama cha ushirika na kusubiri. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi wanaopiga honi mpaka mlangoni, na baba yangu, mzee wa mibuni mingi na maneno machache, akauza magunia yake asubuhi moja kabla hata chai haijapoa. Mimi akanipa fungu langu kwa kuwa nilimsaidia. Nilimsaidia kwa ushauri, nikiwa nimekaa kivulini. Mwalimu mwenye akili angenunua mabati ya kuezekea. Mimi nikanunua redio nyeusi yenye spika mbili, mkono wa kubebea na antena ndefu kuliko fimbo ya askofu.

Nikaibeba kijijini kwetu, njia ya kwenda Matiri, na kwa wiki nzima sikutembea bila hiyo. Nilienda nayo dukani. Nilienda nayo shambani, nikaiweka ukingoni mwa ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, ili mke wangu apalilie mahindi huku akisikia taarifa ya habari. Hakunishukuru.

Baba alikuwa amehamia juu kwenye mashamba, akaniachia nyumba yake ya barabarani niiangalie. Upande mmoja nilikaa mimi na mke wangu. Upande wa pili, chumba na fremu moja, alipanga fundi cherehani kutoka Tunduru pamoja na mkewe. Tulimwita Fundi, basi. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano, nami nilimwamkia shikamoo kila asubuhi. Yeye aliniitikia marahaba, kisha akaniita Mwalimu kwa heshima iliyozidi kidogo, heshima ambayo nilidhani nimeistahili kwa elimu yangu. Kazi yake ilikuwa imepungua sana tangu mitumba ifurike, maana nani ashonewe suruali wakati gulioni zimemwagwa lundo zima? Siku nyingi alikuwa anapunguza tu mapaja ya suruali za wazungu wanene ziwaenee Wamatengo wembamba.

Hao wawili ndio waliokuwa Waislamu pekee kijijini. Kwetu kila mtu alikuwa Mkatoliki, na hata mbwa walijua saa ya misa. Msikiti ulikuwa Mbinga mjini. Fundi alikuwa akienda Ijumaa, kwa miguu au kwa lori la mahindi akibahatika, na siku nyingine walisali ndani kimyakimya.

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani viliingia pamoja, vikiachana kwa siku chache tu. Mke wangu alirudi kisimani akaniambia jambo alilosikia kwa mke wa Fundi. Miaka miwili mfululizo yule dada hakuweza kufunga. Mwaka wa kwanza mimba yake iliharibika katikati ya mwezi, akavuja damu mpaka wakamkimbiza hospitali ya misheni. Mwaka wa pili alilazwa tena, na safari hii ilikuwa homa iliyomkausha akabaki macho tu. Sasa alikuwa amepona, ingawa bado alikuwa mwepesi kama kapu tupu, na hata hedhi ilikuwa haijamrudia. Alisema kitu kimoja: mwaka huu nazitaka zote. Siku zote za mwezi, bila kukosa hata moja, amshukuru Mungu kwa kumrudisha.

Niliguswa, na mimi nikiguswa huwa ni hatari kwa majirani. Jumapili ile ile, kwenye jumuiya yetu ya kanisa, nilisimama nikatoa hotuba kwamba sisi Wakristo tunapaswa kuwasaidia ndugu zetu Waislamu katika mfungo wao. Watu wakaitikia vizuri. Mzee mmoja akauliza tuwasaidie nini hasa. Nikasema hilo nitalishughulikia mwenyewe.

Kwanza niliamua kufunga pamoja nao. Nilimtangazia Fundi, nikawatangazia walimu wenzangu, nikamtangazia mama anayeleta dagaa kutoka Mbamba Bay, ambaye hakuwa ameniuliza. Nilifunga kwa ushujaa mkubwa mpaka saa nne na nusu asubuhi. Saa nne na nusu ofisini kwetu huletwa viazi vitamu vya kuchemsha na chai. Nikajiambia kwamba Kwaresima yetu inakataza nyama tu, na kiazi hakijawahi kuwa nyama. Siku ya pili nilifika saa nne kasorobo. Siku ya tatu niliona kwamba Mungu amenipa kipaji kingine.

Kipaji chenyewe kilikuwa redio. Februari kwetu jua halionekani. Mvua inaanza mchana, ikikatika unashuka ukungu, na kuanzia saa kumi hujui kama jua lipo au limeshahama nchi. Nikajiuliza: maskini hawa watu, bila msikiti, bila adhana, watajuaje jua limezama? Na redio ya taifa katika mwezi huo ilikuwa inarusha adhana ya magharibi kila siku. Jambo lilikuwa wazi. Ningewapelekea adhana mpaka mlangoni.

Jioni ile nilipiga hodi nikiwa nimeibeba redio kifuani. Fundi alinikaribisha, mkewe akafuta kigoda. Futari ilikuwa tayari imepangwa mkekani: magimbi, viazi, maharage, na sufuria ya uji wa pilipili manga uliokuwa ukitoa mvuke. Niliweka redio katikati ya vyakula kama padre anavyoweka kalisi ya divai, nikavuta antena mpaka ikagusa dari. Mtangazaji akasema ni wakati wa kufuturu kwa wakazi wa Dar es Salaam na vitongoji vyake. Halafu adhana ikaanza, safi kabisa, na mimi machozi yakanilenga.

"Haya, karibuni!" nikasema, utadhani mimi ndiye niliyepika.

Fundi akaitazama redio. Akaitazama saa yake ya mkononi. Kisha akamtazama mkewe, na mkewe akainamisha macho.

"Ahsante sana, Mwalimu," akasema. "Mungu akulipe. Mgeni aanze."

Mimi nikaanza. Niliona ni adabu ya kwao, na mtu haivunji adabu ya watu nyumbani kwao. Nilichukua gimbi, nikachota maharage. Fundi akainua mikono akaanza kuomba dua. Aliomba kwa Kiarabu, akaomba kwa Kiswahili, akaniombea mimi, mke wangu, baba yangu, mibuni ya baba yangu na walimu wote wa shule yetu. Alipomaliza nilidhani atakula. Hapana. Akaniuliza wanunuzi wa kahawa wanasemaje mwaka huu. Swali hilo mtu haniulizi akategemea jibu fupi. Nilieleza soko huria tangu linaanza. Nilieleza huku nikila. Nilipofika kwenye kiazi cha tatu, Fundi akaitazama tena saa yake, akasema bismillahi, na wote wawili wakanyanyua vikombe vya uji kwa pamoja.

Niliwaza: hawa watu wana malezi! Hawagusi chakula mpaka mgeni ashibe.

Basi ikawa ndio ratiba yetu. Nilienda kila siku. Betri zilipochoka, kwa kuwa jua la kuzianika halikuwepo, nilizipanga kando ya jiko la mke wangu zipate joto, na chungu cha maharage kikasogezwa kando kuzipisha. Kila siku mtangazaji aliwataja wakazi wa Dar es Salaam na vitongoji vyake, nami nilimchukulia kama mtu wa mjini anayewasalimu wenzake kwanza. Kila siku Fundi alisema mgeni aanze, kila siku dua ilikuwa ndefu, na kila siku baada ya dua kulikuwa na swali. Mbolea imepanda kwa nini? Hivi vyama vingi maana yake hasa ni nini? Je, ni kweli Ulaya kahawa yetu wanaichanganya na ya watu wengine? Sijawahi kusikilizwa namna ile, si darasani, si nyumbani kwangu. Nilianza kujiandaa. Mchana nilikuwa naandika hoja pembeni mwa daftari la maandalio ya masomo.

Mkewe Fundi hakuwa anaongea. Alikaa ameegemea ukuta, mikono miwili imekikumbatia kikombe cha uji, hanywi. Mara moja moja aliniuliza, "Mwalimu, nje kukoje?" Nami nilimjibu, "Mvua tu, dada," kisha nikaendelea na mbolea.

Kwenye jumuiya nikatoa hotuba ya pili. Niliwaambia Wakatoliki wenzangu kwamba sisi tunasema sala ya chakula kwa sekunde tano huku mkono uko kwenye ugali, lakini ndugu zetu hawa, pamoja na njaa ya kutwa nzima, wanaomba dua dakika kumi. Dakika kumi! Nilikuwa nimezihesabu. Watu walitikisa vichwa kwa kustaajabu.

Sasa niseme lile linalonitia aibu kuliko yote. Somo langu shuleni lilikuwa jiografia. Wiki hiyo hiyo Darasa la Sita tulikuwa kwenye longitudo na muda. Mkono wangu mwenyewe uliandika ubaoni kwamba watu walioko mashariki huliona jua kwanza na huliaga kwanza, na kwamba kila digrii moja ni dakika nne. Nikatoa zoezi: mji A uko digrii thelathini na tisa mashariki, mji B uko digrii thelathini na tano, jua likizama mji A, watu wa mji B wasubiri dakika ngapi? Watoto karibu wote walipata. Niliwapigia vema kwa kalamu nyekundu, nikafunga madaftari, nikabeba redio nikaenda kuwafuturisha watu wa mji B kwa jua la mji A.

Siku ya kumi na mbili ya kuwapelekea redio, mvua haikunyesha. Upepo ulipanda kutoka ziwani, ukungu ukachanika, na jioni ikawa nyeupe kabisa. Kwa sababu ya uzuri wa siku, mkeka ulitandikwa barazani. Upande wetu wa magharibi hakuna mlima wa kuzuia, ardhi inateremka tu kuelekea Nyasa, kwa hiyo unaona mpaka mwisho. Niliketi nimeupa mgongo upande huo. Mtangazaji akawasalimu watu wake wa Dar es Salaam. Adhana ikaanza. Nikaona kivuli changu kimelala mkekani, kirefu na cheusi, kichwa changu kimeangukia ndani ya bakuli la maharage.

Nilikitazama kile kivuli kwa muda. Kisha nikageuka. Jua lilikuwa pale pale, zima, jekundu, linatukodolea macho juu ya bonde, wala halikuwa na dalili ya kwenda popote.

Nyuma yangu adhana ilikuwa inaendelea.

Digrii moja, dakika nne. Mara nne. Siku kumi na moja! Yule dada aliyesema nazitaka zote, nilikuwa nimemharibia siku kumi na moja kwa mkono wangu mwenyewe, na betri zangu, na antena yangu. Nilizima redio kwa kuipiga kofi.

"Fundi," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini. "Fundi, nimewafuturisha kabla ya jua kuzama. Siku zote hizi. Ile ni saa ya Dar es Salaam. Dada, nisamehe. Nimekuharibia mwezi wako."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Alianza kidogo, akajizuia kwa upindo wa khanga, ikamshinda, akacheka mpaka akaegemea nguzo. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo.

"Mwalimu," akasema, "hatujala kabla ya jua kuzama hata siku moja."

"Lakini nilikuwepo!"

"Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyekula."

Ndipo yote yakanirudia, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuja limevaa nguo tofauti. Mgeni aanze. Saa ya mkononi, ambayo nilidhani anaionea fahari. Dua ya mibuni ya baba. Mbolea, vyama vingi, kahawa ya Ulaya. Mtu yule alikuwa akinishikilia kwa maswali ili dakika kumi na sita zipite, na mimi nilikuwa nikimjibu huku natafuna mbele ya mwanamke aliyetoka hospitali, ambaye tangu alfajiri hakuonja hata maji.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

Fundi aliinama akaanza kunyoosha ukingo wa mkeka, ambao ulikuwa umenyooka.

"Sasa Mwalimu," akasema taratibu, "wewe ndiye mwenye nyumba. Umetuletea redio kwa moyo mzuri. Tungekuambiaje kwamba inakosea?"

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya. Mimi kwa muda wote ule nilijiona rafiki yake, nikatangaza urafiki wetu kanisani, kumbe kwake nilikuwa mtu ambaye akikasirika, cherehani inatolewa nje. Na kazi alikuwa hana, na mke alikuwa mgonjwa, na kijiji kizima kilikuwa cha kwetu.

Mkewe alikuwa ameacha kucheka. "Jumanne nilitaka kuanguka," akasema. "Macho yalikuwa yameshaingia giza. Ulikuwa unaeleza habari za mbolea." Mumewe akamgusa mkono anyamaze, naye akanyamaza.

Tulikaa tukilingoja jua. Mimi nilikuwa wa kwanza kutaka liende. Lilipozama walikunywa uji wao, nami sikuweza kugusa kitu. Nilibeba redio nikarudi nyumbani, ambako ni hatua kumi, nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Yule dada aliniambia siku ya tatu," akasema.

"Siku ya tatu! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unatafuta stesheni."

Kesho yake asubuhi nilimfuata Fundi dukani kwake nikamwomba radhi rasmi, kwa maneno niliyoyapanga usiku. Nikamaliza kwa kumwambia kuanzia leo anione kama ndugu, na nikikosea aniambie bila woga. Fundi alisimamisha cherehani, akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. "Ahsante, Mwalimu."

Sauti ilikuwa ile ile. Nilisimama pale kati ya suruali za wazungu nikagundua kwamba nimemwamuru mtu asiniogope, naye ametii.

Sikujua la kufanya, na kutojua la kufanya kulinifaa kuliko mipango yangu yote. Redio niliiacha kabatini. Mke wangu, ambaye hakuwahi kutoa hotuba popote, ndiye aliyeniambia yule dada anachoka na nini: maji na kuni. Kisima kiko chini bondeni, na kupanda na ndoo wakati umefunga ni adhabu. Kwa hiyo kila nikitoka shule nilishuka na ndoo mbili. Wanawake wa kisimani walifurahi sana. Mwalimu wa jiografia anateleza kwenye tope na nusu ya maji yanaishia kwenye viatu! Siku za kwanza nilimpelekea dada ndoo moja na nusu badala ya mbili. Alipokea, akasema ahsante Mwalimu, akaongeza kwamba ni maji mazuri sana. Hata maji alinisifia. Nilirudi kwangu nimenuna.

Siku zikapita. Ishirini, ishirini na nne. Yule dada alizidi kukonda usoni, lakini macho yalikuwa na nuru, na mke wangu aliniletea hesabu kila jioni bila mimi kuuliza: hajakosa. Ishirini na saba, hajakosa. Jioni moja moja niliitwa kufuturu nao. Nilikwenda baada ya jua kuzama na nusu saa ya tahadhari, nikakaa, nikala kidogo, sikusema neno kuhusu kahawa. Fundi hakuwa na maswali tena. Ukimya wenyewe ulikuwa mzito, wa mpangaji na mwenye nyumba.

Siku ya ishirini na tisa, mwezi ukiandama kesho ni Idi, nilijitosa jikoni. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao Mapera kumwona mama yake. Nilipika maharage mwenyewe, kuanzia kuyaloweka, nikiwa nimeazimia yule dada aumalize mwezi wake kwa chakula cha mikono yangu. Nilikaanga vitunguu, nikaonja, nikaongeza, nikaonja, nikaongeza. Jua lilipozama, nikasubiri, kisha nikavuka na bakuli limefunikwa kwa kawa.

Walikuwa wameshakunywa uji. Nilimpa hongera. Alitabasamu, akasema bado mwezi haujaonekana, asije akajisifu mapema. Akajipakulia maharage yangu, akatia mdomoni. Nilimwona akitafuna mara mbili kisha akaacha. Akameza kwa shida. Akakunja uso, akalisukuma bakuli mpaka likagonga goti langu.

"Haya yametiwa chumvi na nani?" akasema. "Nimefunga mwezi mzima uje uniue leo? Hayaliki haya. Yarudishe kwenu."

Fundi alishtuka. Alinitazama mimi, hakumtazama mkewe, na mkono wake ukabaki hewani na kipande cha gimbi. Nilichota nikaonja. Kweli hayakuwa yanalika. Nikamwambia, "Kweli dada, hayaliki," na yeye akajibu, "Sasa nimekuambia nini?" kisha akamgeukia mumewe akamwomba amsogezee viazi.

Nilinyanyua bakuli langu nikarudi nalo nyumbani. Nilisimama gizani nje ya mlango wangu kwa muda, nimelikumbatia, machozi yananitoka kwa furaha, maana tangu baba aijenge nyumba ile hakuna mpangaji aliyewahi kumwambia mtu wa kwetu kwamba amekosea.